Damu Iliyomfikisha Mama Kilifi

Mama yangu alipoacha kuingia mwezini alifurahi kama mtu aliyemaliza kupalilia shamba kubwa. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Malindi na kusilimu wakati huo. Alinipigia simu, kwa sauti yake ile ya kusikika mpaka kwa jirani, akanieleza kwamba kile kitenge kikuukuu alichokuwa akikitumia siku zake amekikata vipande vipande, akafungia minyanya kwenye vijiti.

"Nimestaafu," akaniambia.

Mama ni mkulima wa Junju. Analima mahindi, kunde na muhogo kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba, ambalo siku hizi limezungukwa na nyumba za mawe za watu waliokuja kununua viwanja. Wanawake wa kijijini humwendea na mambo yao, na si kwa sababu ana maneno matamu. Humwendea kwa kuwa hana tabia ya kumwambia mtu kile anachotaka kusikia. Kanisani kwake huimba sauti ya chini kabisa, karibu na wanaume, na hajali.

Mimi nachora hina na piko, ile rangi nyeusi, hapa mtaa wa Shella, Malindi. Kazi hii nilifunzwa na mavyaa, mamake mume wangu, ambaye enzi zake hapakuwa na bibi harusi wa mtaa huu aliyetoka bila kupita mikononi mwake. Tunafanyia kazi chumba cha mbele. Mwanamke aliyenyoosha mikono hina ikiwa bado mbichi hawezi kwenda popote, hawezi kushika simu wala kujikuna pua, basi huzungumza. Nimesikia mengi katika chumba kile, ya ndoa na ya uzazi, na nimejifunza kuinamisha kichwa na kuendelea kuchora.

Ilipokuja chanjo ya korona, maneno yalikuja kabla yake. Ilisemwa kwamba inakausha kizazi, kwamba msichana atakayechomwa hatazaa, kwamba mwanamume ndiyo basi. Huko Junju wahudumu wa afya walifika na masanduku yao, wakaketi kwenye darasa tupu la shule, na watu wakasimama mbali wakiwatazama. Mama alitoka shambani na jembe begani, akaliegemeza ukutani, akawaambia wenzake kwamba yeye kizazi chake ameshakifunga, kwa hiyo atawajaribia wao. Akakunja mkono wa blauzi. Baada ya wiki kadhaa, alipoonekana yu mzima na bado anagombana na mbuzi wa jirani, wanawake wakaanza kwenda mmoja mmoja. Wengine aliwasindikiza yeye mwenyewe.

Mimi nilichomwa hapa Malindi. Sindano ya kwanza sikuiona. Ya pili ilinipa homa ya siku moja na mkono mzito, na hayo nilikuwa nimeyatarajia. Jambo ambalo hakuna aliyenitajia ni kwamba hedhi yangu, ambayo tangu nivunje ungo haijawahi kunisumbua, ilichelewa hadi nikaanza kuhisi nina mimba. Ilipokuja haikuwa ile ninayoijua. Ilikuwa nzito, yenye madonge, ikanilazimu kubadilisha sodo mara kwa mara hata kati ya mteja na mteja. Siku zangu za kawaida zikaisha, yenyewe ikaendelea.

Na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mavyaa aliniona siku zinapita sifungi wala siswali, akaniuliza chumbani kwake, mlango umefungwa. Nikamweleza yote. Hakushtuka. Akajitanda buibui lake akaenda kumuuliza mwalimu wake wa darsa, akarudi na jibu lililonituliza kuhusu ibada. Kuhusu mwili akasema hilo si la mwalimu, hilo ni la hospitali, na kesho yake twende pamoja.

Pale kituo cha afya tulimkuta muuguzi mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilipoanza kwa aibu kusema nadhani ni ile sindano, hakunicheka wala hakunikatiza. Alisema mimi si wa kwanza kumwambia. Wanawake wa nchi nyingi wameliona jambo hilo, na waliolichunguza wamekuta kwamba baadhi yetu siku huweza kuchelewa au kuzidi kwa muda mfupi, kisha hurudi zilivyokuwa. Kizazi hakifungiki kwa hilo. Akanipima damu kuona kama imepungua, akanipa vidonge vya kuongeza damu, akaniambia hali ikiendelea nirudi, nisikae nyumbani nikihesabu kila kitu kuwa ni chanjo. Kisha akamgeukia mavyaa, pengine kwa kumwona umri wake, akaongeza jambo moja: kwamba mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi kabisa akiona damu, hata tone, awe amechanjwa au hakuchanjwa, aje apimwe.

Siku zangu zilirudi mahali pake baada ya miezi michache. Nilimweleza mama kwa simu, na nikaanza kuwaeleza wateja wangu pia, nilipoona wanalizungukazunguka jambo hilo. Mmoja wao, mwalimu wa chekechea, aliponisikia machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kujifutia, ikabidi nimfute mimi kwa ncha ya leso yangu. Alikuwa amekaa na hofu yake wiki nyingi akidhani imempata yeye peke yake duniani.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna mahindi, nilikwenda Junju kumsaidia mama. Nilifika mchana bila kumwarifu. Sikumkuta shambani wala jikoni. Nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na choo, ameinama kwenye beseni anafua leso, na maji ya beseni yalikuwa mekundu.

Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamuuliza ni nani aliyeumia. Akaendelea kufikicha.

Ilichukua muda kumtoa maneno. Nililiondoa beseni mbele yake nikaifua leso mwenyewe, na nilipokuwa nikisuuza ndipo alipoanza kusema. Damu ilikuwa ikija na kuondoka kwa miezi. Mara matone tu, mara kama siku zake za ujana. Hakumwambia mtu. Nilipomwambia lazima twende hospitali, akasema hakuna haja, hiyo ni ile chanjo tu.

"Si wewe mwenyewe uliyeniambia kwamba hubadilisha siku za mwanamke?" akaniuliza. "Yako ikarudi. Na yangu itarudi."

Nilimwambia kwamba yake haina mahali pa kurudi, kwa kuwa ilikuwa imekwisha. Nilimrudia maneno ya yule muuguzi kama alivyoyasema. Akanisikiliza, kisha akatikisa kichwa. Hapo nikaanza kukasirika, na mama naye akakasirika, tukawa tunafua leso moja watu wawili, kila mmoja anaivutia kwake.

Mwishowe aliiachia. Aliketi kwenye kinu kilicholala pale chini, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Nikienda hospitali wataniona," akasema. "Watauliza kwa nini. Wakishajua natokwa na damu, watasema chanjo ndiyo imemharibu. Na wale wote niliowapeleka mimi? Watasema niliwapeleka kuharibiwa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani anaogopa kisu, au anaogopa kufa, kumbe alikuwa amebeba wanawake wa kijiji kizima. Kila aliyempeleka kwenye darasa lile, mama alikuwa akimwangalia njiani kujua kama anaumwa kichwa, kama mtoto wake ameolewa, kama mimba yake imekaa. Alikuwa anajua nani amejifungua. Na yeye mwenyewe anafua damu kwa siri mchana wa jua kali, wakati wenzake wamelala, ili asije akawa ushahidi wa uongo.

"Je, ikiwa kweli ni chanjo?" nikamuuliza.

Nadhani hata yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza hivyo. Akasema, polepole, kwamba ikiwa kweli ni chanjo basi itabidi aende awaambie ni chanjo, kama alivyowaambia mwanzo kwamba haina neno.

"Basi twende tukajue," nikamwambia.

Kesho yake tulikuwa Kilifi. Alivaa gauni lake la kanisani, na viatu vya kufunika ambavyo havipendi. Daktari tuliyempata alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alisimama kumwamkia mama kabla ya kumwomba aketi, na nikaona mabega ya mama yakishuka kidogo. Lakini mama hakusubiri kuulizwa. Alieleza kila kitu mwenyewe, damu ilianza lini, ikoje, ina rangi gani, bila kuizungusha kwa maneno ya adabu. Mimi niliyezoea mazungumzo ya wanawake nilitazama sakafu.

Kisha akauliza swali lililokuwa limemleta. "Sasa daktari, nataka uniambie. Ni chanjo au si chanjo?"

Daktari akasema hajui bado, na hatasema mpaka aangalie. Mama akaridhika na jibu hilo kuliko ambavyo angeridhika na jibu lolote jingine. Njiani tukirudi aliniambia kwamba mtu anayekubali kuwa hajui, huyo akikwambia anajua utamwamini.

Walimpima kwa ile mashine ya kuangalia mimba, jambo lililomfanya acheke peke yake kitandani. Wakachukua kipande kidogo cha ndani ya kizazi kwenda kukichunguza. Hilo lilimuuma, alinishika mkono mpaka pete yangu ikaacha alama, lakini hakutoa sauti. Majibu yakachelewa kama yanavyochelewa majibu. Nilirudi Malindi, nikachora maua kwenye mikono ya wasichana wa watu, na mara mbili nikaharibu ua nikalazimika kulifuta na kuanza upya.

Siku ya majibu tulikwenda watatu, kwa kuwa mavyaa alikataa kubaki. Daktari alituketisha, akamwambia mama kwamba ukuta wa ndani wa kizazi chake umenenepa, na chembe zake zimeanza kubadilika. Bado si saratani. Zikiachwa, huelekea huko. Kwa umri wake, na kwa kuwa amemaliza kuzaa, yeye angeshauri kizazi kitolewe mapema, na kikitolewa sasa, ana matumaini makubwa kwamba mambo yataishia hapo.

Mama akasema sawa. Kisha akauliza tena lile swali.

Daktari aliweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huo huja polepole, mara nyingi kwa miaka, na sindano haikuuweka pale. Kuhusu damu yenyewe, alikuwa mwangalifu. Alisema wapo wanawake waliokoma hedhi ambao walisimulia kuona damu kidogo baada ya chanjo, na watu bado wanalichunguza jambo hilo, hivyo hawezi kuapa kwamba haikuwa na mkono wowote katika tone la kwanza. "Lakini mama," akasema, "damu iliyoendelea miezi yote hiyo ina sababu yake, na sababu tumeiona. Ungeendelea kusema ni chanjo, tungekuja kuonana ukiwa umechelewa."

Mama alirudia maneno hayo kwa sauti ndogo, mara mbili, kama mtu anayejifunza ubeti wa wimbo mpya.

Alipasuliwa Kilifi na akaja kupona kwangu, Shella. Wiki zile nazikumbuka kwa furaha, ingawa hakuwa anaweza hata kuinua ndoo. Mavyaa alimwachia kitanda chake kizuri. Asubuhi alimpikia uji wa mtama na pilipili manga, mama akasema pilipili ni nyingi, mavyaa akasema ndiyo dawa, na ubishi huo ukaendelea mpaka jeraha likafunga. Mmoja alivuta tasbihi upande huu, mwingine akaimba nyimbo zake za kanisani kwa sauti ya chini upande ule. Wateja wangu waliokuja kupaka hina walimkuta ameketi mlangoni na mto tumboni, na wakimuuliza anaumwa nini, aliwaambia. Alipomwambia wa kwanza nilitaka kumkonyeza anyamaze. Wa tatu nilikuwa nimeshazoea.

Alirudi Junju akiwa amepungua mwili lakini anatembea wima. Haukupita muda mrefu, wakaja tena watu wa afya, safari hii kuhusu wasichana wa shule na chanjo ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Wazazi wakaitwa shuleni. Mama akanipigia simu akasema nije, na nivae vizuri. Sikujua kwa nini.

Watu walijaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mwalimu mkuu alikuwepo, mzee wa mtaa, mchungaji, na wanaume wachache wamesimama mlangoni. Muuguzi alieleza vizuri, lakini alipomaliza, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasimama akasema wao wanajua sindano hizi zinavuruga siku za wanawake, kwamba hata wao ziliwavuruga zile za korona na wakaambiwa ni mawazo yao tu, sasa wanataka kuletewa na watoto. Chumba kizima kikaguna kumuunga mkono. Na alikuwa na haki. Kama mimi nisingekutana na yule muuguzi wa Malindi, ningeguna nao.

Mama akasimama. Kwanza alimwambia yule mwanamke kwamba aliyemwambia ni mawazo yake alikosea. Akasema siku za mwanamke zinaweza kubadilika kwa muda baada ya chanjo ile ya korona, na ushahidi amekuja nao. Akaninyooshea kidole.

"Mwanangu huyu. Simama uwaeleze."

Nikasimama. Mbele ya mchungaji na mzee wa mtaa na wanaume wa mlangoni, mimi mke wa mtu kutoka Malindi, nikaeleza hedhi yangu ilichelewa vipi, ilikuja vipi, nilipewa nini, na ilirudi lini. Nilipoketi nikagundua sioni aibu hata kidogo.

Kisha mama akasema yake. Aliwaambia kwamba alitokwa na damu baada ya kukoma, kwamba aliificha kwa ajili yao, na kwamba hiyo ndiyo ingemwua, si sindano. Akawaambia alichokisema daktari, pamoja na lile ambalo daktari alisema hawezi kuapa, na hakulipunguza. Akawaambia pia kwamba ugonjwa wake haukuwa huu wa mlango wa kizazi unaozungumzwa leo, ili mtu asije akasema amewadanganya. Kama binti zao watachomwa na siku zikabadilika, akasema, waje waseme, wasifue leso peke yao. Na kama sindano hii inaweza kumwepusha msichana na kitanda alicholala yeye, basi yeye mjukuu wake, anayesoma shule hii hii, atampeleka kwa mkono wake.

Mchungaji alikohoa. Mwalimu mkuu akashukuru, akasahau alichotaka kusema baadaye, akashukuru tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye lile dawati dogo nikimtazama mama yangu anavyonyoosha kitenge magotini kana kwamba hajafanya lolote. Nimeona mabibi harusi wengi wakitoka mlangoni kwangu wamepambwa, watu wakiwapigia vigelegele. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama niliyomwonea yeye mchana ule.

Si wote waliokubali. Yule aliyebeba mtoto aliondoka zake, na wapo waliosema mama amelipwa. Lakini wengi waliwaleta binti zao, na siku ya chanjo mama alikuwepo, na mjukuu wake alikuwa kwenye mstari.

Jioni ya mkutano, tulipokuwa tunachambua kunde, mwanamke mmoja jirani alikuja akasimama uani. Ni mtu mzima kumpita mama. Alikataa kiti. Alisema kwa sauti ya kunong'ona kwamba na yeye anaona damu, tangu masika, na yeye sindano hakuchomwa hata moja. Mama hakumuuliza zaidi. Alimwambia avae viatu vinavyomfaa kusimama muda mrefu, na asubuhi ampitie.

Walikwenda Kilifi wawili. Tangu hapo amekwishawapeleka wengine, na yule daktari kijana akimwona mlangoni humwuliza leo umetuletea nani. Baadhi yao hukutwa hawana kitu. Wengine hupewa dawa. Mama huketi nao kwenye benchi mpaka waitwe, na nikimpigia simu saa hizo hunijibu kwa haraka, kwa sauti yake ile ile ya kusikika na foleni nzima, kwamba yuko kazini, nimpigie baadaye.